Bodi imewaka, kifaa hakina umeme: kutafuta kosa katika vidhibiti volteji na kanda za umeme za Linux

Hapa Bukavu mashine ikizimika bila sababu inayoonekana, kila mtu hulaumu umeme wa mji. Hatukosei kabisa, kwa maana umeme wa mabwawa ya Ruzizi hukatika na kurudi bila taarifa, na kurudi kwake kumeunguza vifaa katika nyumba nyingi. Hata hivyo, katika kompyuta ndogo za Linux tunazofunga kwenye vituo vya afya, maktaba za shule na maduka, nyingi zikiendeshwa kwa sola na batri ya volti 12, nimekuta mara kwa mara kwamba umeme umefika kwenye bodi salama salimini, ila haukufikishwa kwenye kifaa kilichouhitaji. Anayeufikisha au kuuzuia ni mfumo endeshi. Mwongozo huu unahusu makosa ya aina hiyo: dalili zake, chanzo chake, na namna ya kuyathibitisha kwa mita na kwa mafaili ya kerneli yenyewe (kerneli ni moyo wa mfumo endeshi, unaosimamia vifaa) kabla ya kununua bodi nyingine.

Chipu kuu ya bodi haitumii volteji moja. Kiini chake cha kukokotoa kinaweza kuhitaji volti 1.0 hadi 1.4, kumbukumbu volti 1.5, kadi ya SD volti 3.3, na kamera volti 2.8. Kila volteji hutolewa na kidhibiti chake, na vidhibiti hivyo mara nyingi hukusanywa katika chipu moja ya usimamizi wa umeme, kama AXP209 inayoambatana na chipu ya Allwinner A20. Tangu toleo la 2.6.27 la mwaka 2008, kerneli ya Linux ina sehemu maalumu ya kusimamia vidhibiti hivi. Kanda za umeme ni jambo la jirani, lakini si lilelile: kidhibiti kwa kawaida kiko nje ya chipu kuu na kinaweza kubadilisha volteji, ilhali ukanda ni swichi iliyo ndani ya chipu kuu, inayokata au kurudisha umeme kwa sehemu nzima, kwa mfano sehemu ya picha au ya video.

Kuhusu kazi ya kerneli, fikiria galeri ya maduka pale Nyawera ambayo maduka yake yote yanatumia grupu moja, yaani jenereta. Mlinzi ana daftari. Anayetaka umeme huandikwa jina, anayefunga duka hufutwa, na jina la mwisho likifutwa, mlinzi huzima grupu. Mlinzi hachungulii madirishani kuona nani bado yuko kazini, anatazama daftari tu. Fundi cherehani aliyeingia kwa mlango wa nyuma bila kuandikwa atashona kwa raha mpaka jirani yake wa mwisho afunge, kisha sindano yake itasimama katikati ya kitambaa. Kerneli hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Draiva ya kila kifaa, yaani programu inayokiendesha, huomba kidhibiti, hesabu ya watumiaji huongezeka kwa moja, na draiva ikiachia, hesabu hupungua. Ikifika sifuri, umeme hukatwa. Nani ameunganishwa na kidhibiti kipi, kerneli haiwezi kulijua kwa kutazama nyaya, bali hulisoma katika faili inayoelezea bodi, ambayo kwa kawaida huitwa mti wa vifaa. Makosa mengi nitakayoeleza hapa hutokea pale daftari linaposema jambo moja na nyaya zinasema jingine.

Kwanza, umeme wa nje

Usifungue faili lolote kabla ya kupima volteji kwenye bodi yenyewe, si kwenye chaja, huku bodi ikifanya kazi nzito. Chaja iliyoandikwa volti 5 inaweza kuwa sahihi kabisa, na waya mwembamba wa sokoni ukaharibu kila kitu: waya wenye ukinzani wa omu 0.3 ukipitisha ampea 2 hupoteza volti 0.6, na bodi hubaki na volti 4.4. Kwenye Raspberry Pi, onyo la volteji ndogo hutolewa umeme ukishuka chini ya takriban volti 4.63, na amri `vcgencmd get_throttled` itakuonyesha kama tatizo lipo sasa au lilitokea tangu bodi iwake. Jibu `0x50005` maana yake ni kwamba volteji ni ndogo sasa hivi na kasi imepunguzwa kwa sababu hiyo, ilhali `0x50000` maana yake mambo hayo yalitokea zamani kidogo na kwa sasa yamekwisha. Jibu `0x0` pamoja na mita inayosoma volti 5 bila kuyumba yanakuruhusu kuacha waya na kuendelea na programu. Mtu asiruke hatua hii, maana kutafuta kosa la programu kwenye bodi yenye njaa ya umeme ni kupoteza siku nzima.

Kisha fungua daftari la kerneli. Kama saraka ya `/sys/kernel/debug` ni tupu, ipachike kwa `mount -t debugfs none /sys/kernel/debug`, halafu usome `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary`. Utaona orodha ya vidhibiti, kila kimoja kikiwa chini ya kile kinachokilisha, pamoja na idadi ya watumiaji, volteji ya sasa, na mipaka ya chini na ya juu. Chapisha ukurasa huo au unakili kwa mkono, kwa sababu utaurudia mara nyingi.

Kifaa kinafanya kazi nusu dakika, kisha kinakufa

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo inayosingiziwa umeme wa mji kuliko zote. Niliitwa kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Bagira ambako kompyuta ndogo yenye chipu ya A20 ilikuwa na diski ya inchi 2.5 ya kuhifadhi rejista za wagonjwa. Mfumo endeshi wenyewe ulikuwa kwenye kadi ya SD, kwa hiyo kompyuta iliendelea kuwaka, lakini diski ilikuwa ikitoweka muda mfupi baada ya kuwasha. Diski mbili zilikuwa zimeshabadilishwa, na mama muuguzi aliyekuwa akiandika rejista aliniambia kwa uchovu, "Fundi, hii mashine inakubali mpaka unapoanza kuiamini." Batri ilisoma volti 12.4, na bodi ilisoma 5.08. Niliweka ncha za mita kwenye plagi ya umeme ya diski, nikawasha bodi, nikasubiri. Volti 5.06, diski ikavuma, ikazunguka. Baada ya sekunde thelathini na kitu namba ikashuka hadi sifuri kwa mara moja, bila kuyumba, na diski ikasikika ikipunguza mzunguko wake hadi kimya.

Kushuka kwa namna hiyo kuna maana. Umeme dhaifu huyumba kabla ya kufa, ila umeme uliozimwa na swichi hukatika mara moja. Katika ujumbe wa kerneli, niliousoma kwa `dmesg`, kulikuwa na mstari mmoja tu uliohusika:

`ahci-5v: disabling`

Kerneli ilikuwa inasema wazi kwamba imezima kidhibiti hicho. Sababu yake ni hii. Bodi inapowaka, programu ya kuwashia inaweza kuacha baadhi ya vidhibiti vikiwa vimewashwa, au mti wa vifaa unaweza kukiandika kidhibiti kwa alama ya `regulator-boot-on`, ambayo hukiwasha mwanzoni lakini haimwandiki mtumiaji yeyote. Baadaye kerneli hupitia vidhibiti vyote na kuzima kila ambacho hesabu yake ya watumiaji ni sifuri. Katika kerneli za miaka ya karibuni ukaguzi huo husubiri sekunde 30, ili draiva zinazochelewa kupakiwa zipate nafasi ya kuandikwa. Ndiyo maana diski iliishi nusu dakika. Katika muhtasari wa vidhibiti, mstari wa `ahci-5v` ulikuwa na sifuri kwenye safu ya watumiaji, na chini yake hapakuwa na jina la kifaa chochote.

Mtu aliyetayarisha mti wa vifaa wa bodi ile aliandika kidhibiti, akaandika na diski, lakini hakuandika kwamba diski inakula kutoka kwenye kidhibiti kile. Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya sehemu ya `ahci`, inayoelezea muunganisho wa diski:

`target-supply = <&reg_ahci_5v>;`

Baada ya kuukusanya upya mti wa vifaa na kuwasha, hesabu ya watumiaji ilisoma 1 na jina la draiva ya diski likaonekana chini ya kidhibiti. Tulikaa na yule mama tukitazama mita kwa dakika tano bila kuzungumza sana.

Ukitaka kuthibitisha chanzo hiki bila kugusa mti wa vifaa, ongeza neno `regulator_ignore_unused` kwenye mstari wa amri wa kerneli (maneno ambayo programu ya kuwashia huipa kerneli inapoianzisha), kama toleo lako ni jipya vya kutosha kulielewa. Kifaa kikiacha kufa, umepata jibu. Lakini neno hilo ni la uchunguzi tu. Vivyo hivyo sipendi kabisa mazoea ya kuandika `regulator-always-on` kila mahali ili "yaishe". Diski ya inchi 2.5 inayozunguka bila kazi hula takriban wati 1, yaani wati-saa 24 kwa siku, na batri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84 ikiwa mpya na imejaa. Fundi anayefanya hivyo anamwachia mteja wake deni la zaidi ya robo ya batri kila siku, naye mteja hatajua kamwe limetoka wapi.

Kerneli hailalamiki, lakini kifaa hakijibu

Wakati mwingine kifaa hakipati umeme tangu mwanzo, na draiva yake inasema kila kitu kiko sawa. Tafuta katika ujumbe wa kerneli mstari wa namna hii:

`supply vcc not found, using dummy regulator`

Draiva iliomba umeme uitwao `vcc`, kerneli haikukuta `vcc-supply` katika maelezo ya kifaa hicho, na badala ya kukataa ikampa draiva kidhibiti cha kubuni, ambacho hukubali kila ombi na hakiwashi chochote. Utaratibu huo una sababu nzuri, kwa kuwa kwenye bodi nyingi umeme wa kifaa fulani umeunganishwa moja kwa moja na hauna swichi, na hapo hakuna haja ya kidhibiti halisi. Kwa hiyo mstari huo peke yake si kosa. Unakuwa kosa pale ambapo mchoro wa bodi unaonyesha swichi kati ya umeme na kifaa. Linganisha jina herufi kwa herufi: draiva ikiomba `vmmc` nawe umeandika `vcc-supply`, kerneli haitakisia ulichokusudia, na wala haitakuonya kwamba kuna jina ambalo halikutumiwa. Kwa maoni yangu kidhibiti hiki cha kubuni kimewapotezea mafundi saa nyingi kuliko ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu maneno yake yanasomeka kama taarifa tu.

Kifaa hakionekani kabisa

Ikiwa hakuna kosa lolote na kifaa hakipo hata kwenye orodha, soma `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Humo mna vifaa ambavyo draiva zake zimeahirisha kazi kwa kuwa kitu wanachokitegemea hakijapatikana. Mara nyingi kinachosubiriwa ni chipu ya usimamizi wa umeme yenyewe. Kosa hili hujitokeza sana baada ya kusasisha kerneli: draiva ya AXP209, au ya njia ya I2C ambayo chipu hiyo huzungumzia, imewekwa kama moduli (faili la pembeni linalopakiwa baadaye) na haikuingizwa ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa mafaili ambao kerneli huanza nao), kwa hiyo kadi ya SD inasubiri kidhibiti chake, nacho kidhibiti kinasubiri moduli iliyohifadhiwa kwenye kadi ileile. Bodi husimama ikisema haioni mfumo wa mafaili. Ingiza moduli zote mbili katika initramfs, au zijenge ndani ya kerneli.

Bodi nzima inazimika kifaa kimoja kinapowashwa

Hapa ndipo watu wanapoapa kuwa bodi imeungua. Inawaka vizuri, inafika mahali fulani katika kuwaka kwake, kisha taa zote zinazimika kana kwamba mtu amechomoa waya, na ukibonyeza kitufe inawaka tena na kuzimika palepale. Ujumbe wa mwisho haupatikani kwenye faili lolote kwa sababu bodi haikupata muda wa kuuandika. Lazima uunganishe waya wa siriali na usome kwenye kompyuta nyingine.

Chanzo ni mkupuo wa mkondo. Kila kidhibiti kina kapasita kwenye mlango wake wa kutokea, na kapasita tupu inapounganishwa ghafla na volteji kamili hunyonya mkondo mkubwa kwa muda mfupi sana. Chipu ya usimamizi wa umeme huona mkondo huo, hudhani kuna shoti, na hujizima pamoja na kila kitu inachokilisha. Mfano unaojulikana vizuri ni kidhibiti LDO3 cha AXP209 kwenye bodi ya Olimex A20-OLinuXino-LIME2, ambayo mimi huipenda kwa sababu inapokea batri ya lithiamu na hivyo inavumilia kukatika kwa umeme wetu. Kuwasha LDO3 kwa ghafla kuliweza kuizima bodi nzima. Katika kerneli, mti wa vifaa wa bodi hiyo una mistari miwili ya kukabiliana na hali hiyo:

`regulator-soft-start;`
`regulator-ramp-delay = <1600>;`

Mstari wa kwanza unaagiza kidhibiti kianze taratibu. Wa pili unataja mwendo wa kupanda kwa volteji, mikrovolti 1600 kwa kila mikrosekunde. Kwa mwendo huo, kufika volti 2.8 kunachukua mikrosekunde 1750, muda ambao mtu hawezi kuuhisi lakini kwa kapasita ni kama tofauti ya kujaza mtungi kwa bomba na kuumwagia pipa zima kwa mara moja.

Ili kujua kama ndicho chanzo kwako, kwanza zuia draiva ya kifaa unachokishuku isipakiwe, uone kama bodi inakamilisha kuwaka. Kisha ipakie kwa mkono huku waya wa siriali ukiwa umeunganishwa. Bodi ikizimika wakati uleule, angalia kama kidhibiti chake kinaruhusu kupanda taratibu. Vidhibiti vingine vya AXP209 havina uwezo huo, na kwa hivyo suluhisho linabaki kwenye vifaa vyenyewe: kapasita ndogo zaidi, au swichi ya nje yenye mwanzo wa taratibu. Kwa diski inayozunguka, mkupuo hautokani na kapasita peke yake bali na injini, ambayo huvuta mkondo mkubwa zaidi wakati wa kuanza kuzunguka. Hapo rudi kwenye waya na chaja.

Kompyuta inaganda kazi zinapokuwa nyingi, au haifiki kasi yake

Kasi ya kiini na volteji yake hupanda na kushuka pamoja, na mpangilio wake haubadiliki: kasi inapopanda, volteji hutangulia, kasi inaposhuka, kasi hutangulia na volteji hufuata. Kerneli huifuata kanuni hiyo kwa kusoma jedwali lililo katika mti wa vifaa. Kwa A20 jedwali la kawaida linasema megahezi 312 zinahitaji volti 1.0, megahezi 720 zinahitaji volti 1.2, na megahezi 960 zinahitaji volti 1.4.

Bodi inayoganda kwenye kasi ya juu huenda haina `cpu-supply` katika maelezo ya kiini chake. Bila mstari huo kerneli hubadilisha kasi tu na kuiacha volteji ilivyoachwa na programu ya kuwashia. Ikiwa iliachwa volti 1.4, utaona joto la bure na batri inayokwisha mapema. Ikiwa iliachwa volti 1.2, kiini kitapanda hadi megahezi 960 kikiwa na njaa, kitafanya hesabu zisizo sahihi, na mashine itaganda au kuandika takwimu mbovu bila kumwambia mtu. Kwa kituo cha afya, uwezekano huo wa pili unanitisha kuliko mashine inayozimika. Jaribu kwa kuushusha ukomo wa juu wa kasi ya mashine: andika `720000` ndani ya `scaling_max_freq`, iache ifanye kazi nzito usiku mzima, na kama haigandi, pandisha hatua moja moja huku ukipima volteji ya kiini kwa mita katika kila hatua.

Dalili iliyo kinyume chake ni mashine isiyopita kasi fulani hata ikiamriwa. Soma ujumbe wa kerneli utafute maneno `not supported by regulator`. Maana yake ni kwamba jedwali linahitaji volteji ambayo iko nje ya mipaka iliyoandikwa kwa kidhibiti. Ukiwa umeandika `regulator-max-microvolt` kuwa `1300000`, kerneli itazitupa hatua zote zinazohitaji volti 1.4, na inafanya vizuri kuzitupa. Usiinue mpaka huo kabla ya kusoma karatasi ya maelezo ya chipu kuu. Kidhibiti kinaweza kutoa volteji ambayo chipu kuu haiwezi kuistahimili, na mpaka ulioandikwa katika faili ndio ulinzi pekee uliopo kati yao.

Inawaka ikitoka baridi, haiwaki ikiwashwa upya

Kadi nyingi za SD za kasi huanza kuzungumza kwa ishara za volti 3.3, kisha kwa makubaliano huhamia volti 1.8. Kadi ikishahamia, hairudi volti 3.3 mpaka umeme wake ukatwe. Unapoamuru `reboot`, chipu kuu huanza upya na kuisemesha kadi kwa volti 3.3, ilhali kadi bado iko kwenye 1.8, na hakuna maelewano. Ukichomoa waya na kurudisha, kila kitu ni sawa, ndiyo maana kosa hili linaweza kuishi miezi bila kugunduliwa mpaka siku unayoisasisha mashine kwa mbali na kulazimika kusafiri kwenda kuchomoa waya. Hakikisha `vmmc-supply` inaelekeza kwenye kidhibiti kinachoweza kuzimwa kweli na ambacho hakina `regulator-always-on`. Kama bodi haina swichi ya umeme wa kadi, ongeza `no-1-8-v` kwenye maelezo ya kadi, ukubali kasi ndogo zaidi, na mashine itakuwa inawaka upya yenyewe.

Mashine inaganda bila neno hata moja: kanda za umeme

Kuganda kwa ghafla, bila ujumbe, mara tu programu inapogusa picha au video, kunanielekeza kwenye kanda. Usimamizi wa jumla wa kanda uliingia katika kerneli mwaka 2011, na unategemea hesabu kama ile ya vidhibiti: ukanda hubaki na umeme maadamu kuna kifaa ndani yake kinachofanya kazi, au ukanda mdogo chini yake uliowashwa. Tatizo ni kwamba chipu nyingi za ARM hazina namna ya kujibu ombi lililopelekwa kwenye sehemu isiyo na umeme. Kiini kinauliza, hakuna anayejibu, nacho kinaendelea kusubiri milele. Chipu nyingine huwa na huruma kidogo, zikatoa ujumbe wa `SError` kabla ya kufa.

Draiva iliyogusa kifaa kabla ya kuomba umeme ndiyo chanzo cha kawaida, ikifuatiwa na mti wa vifaa usiotaja `power-domains` kwa kifaa hicho. Njia ya kuutenganisha ukweli ni kuwasha kerneli na neno `pd_ignore_unused`, ambalo huacha zikiwaka kanda ambazo programu ya kuwashia iliziacha hivyo. Njia nyingine ni kuandika `on` ndani ya faili la `power/control` la kifaa, ambalo humkataza kerneli kukilaza. Ikiwa kuganda kunakoma kwa njia hizo, ukanda ulikuwa unazimwa mapema. Ikiwa hakukomi, chunguza kidhibiti kinachoulisha ukanda wenyewe, kwa sababu kuwasha swichi ya ndani wakati kidhibiti cha nje kimezimwa hakuleti umeme wowote, na matokeo yake yanafanana kabisa.

Ukishapata jibu, rudisha `auto` katika `power/control`. Nimeona mashine ambazo fundi aliziacha na `on`, na mwenyewe akaja kuulizwa kwa nini batri haifiki asubuhi. Uchunguzi wa kosa hilo ni rahisi: soma `/sys/kernel/debug/pm_genpd/pm_genpd_summary` wakati mashine haina kazi. Chini ya kila ukanda kuna majina ya vifaa vyake na hali zao. Ukanda uliowaka ukiwa na vifaa vitano vilivyolala na kimoja kilichoandikwa `active` unakupa jina la anayeuweka macho. Pima mkondo unaotoka kwenye batri, kilaze kifaa hicho, kisha upime tena kwa ampea-mita ileile, kwenye waya uleule, na uandike namba zote mbili kwenye karatasi utakayoibandika ndani ya kifuniko cha mashine, ili fundi atakayekufuata asianze upya.